Machimboni na Visiwani Watu Wasemezane

Misiba mikubwa ya nchi yetu huhesabiwa kwa idadi ya waliokufa, na hesabu ikishafungwa, habari nayo hufungwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Bwisya, kisiwani Ukara, watu 228 wakapoteza maisha. Miaka mitatu kabla ya hapo, mwezi Oktoba 2015, wachimbaji walifukiwa katika machimbo ya Nyangalata, wilayani Kahama, na watano wakatolewa hai baada ya siku 41 za giza na njaa. Mwezi Agosti 2025, huko Nyandolwa mkoani Shinyanga, watu 25 walifukiwa chini ya ardhi, na jamaa zao wakakaa juu ya shimo siku baada ya siku wakingoja. Waliokufa tunawaombea kwa Mwenyezi Mungu. Leo tunapenda kuzungumza habari za waliobaki hai.

Mtu wa visiwani na mtu wa machimboni si watu wawili mbalimbali. Samaki wakiadimika, kijana wa Ukerewe, Kome au Izumacheli hufunga mzigo wake akaenda kutafuta riziki Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa. Duara lisipotoa kitu, hurudi kambini kuvua dagaa. Huku na huko kazi yake ni ile ile ya kubahatisha, na huku na huko humwona mwenziwe akizama asirudi. Jioni hunawa mikono, hula, hulala, na kesho yake hutakiwa kushuka tena au kusukuma mtumbwi tena kana kwamba halikutokea jambo.

Lakini jambo limetokea. Mtu huyo hapati usingizi. Akisikia kishindo hushtuka. Chakula hakimpendezi, na kazi aliyokuwa akiifanya kwa bidii inamwia nzito. Wengine hukimbilia gongo na bangi. Wengine humalizia hasira zao kwa mke na watoto. Wengine hunyamaza kimya, mpaka siku watu wanapokuta mlango umefungwa kwa ndani. Wataalamu huiita hali hii sonona, na ikiwa imetokana na tukio la kutisha huiita kiwewe. Wanakijiji husema fulani amebadilika, au fulani amerogwa.

Neno hili la kurogwa hatuna budi kulitazama kwa uangalifu, kwa sababu limeigharimu kanda yetu damu nyingi. Akina bibi wameuawa Usukumani kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kupikia. Watu wenye ualbino wamewindwa, hasa tangu mwaka 2007, kwa imani kwamba viungo vyao huvuta dhahabu na samaki. Huzuni isiyopata mahali pa kusemwa hutafuta mtu wa kulaumiwa. Kwa hiyo suala la afya ya akili katika mikoa ya Shinyanga na Geita ni suala la tiba, na pia ni suala la usalama wa raia.

Je, mtu wa namna hiyo aende wapi? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 mtu mmoja katika kila watu wanane duniani alikuwa akiishi na maradhi ya akili. Nchini mwetu hospitali ya Mirembe iko Dodoma, na Bugando iko Mwanza, safari ya siku nzima kwa mtu anayetoka kisiwani. Madaktari bingwa wa maradhi hayo ni wachache mno kulingana na mahitaji. Tukisema kila mwenye huzuni angoje daktari bingwa, tutakuwa tumesema asitibiwe.

Iko njia nyingine, na imejaribiwa ng'ambo ya ziwa hili hili. Mwaka 2002, katika wilaya za Rakai na Masaka nchini Uganda, vilichaguliwa vijiji 30. Watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji wenyewe huzuni kubwa huitwaje kwao, nao wakatoa majina mawili ya Kiganda: okwekyawa, yaani kujichukia, na okwekubagiza, yaani kujihurumia. Kisha wenyeji ambao hawakuwa waganga wala wauguzi wa akili walipewa mafunzo ya wiki mbili, wakaongoza vikundi vidogo, wanaume mbali na wanawake mbali, saa moja na nusu kila wiki kwa muda wa wiki 16. Hawakugawa vidonge. Watu walikaa, wakasema, wakasikilizwa, wakashauriana hatua ya kuchukua wiki inayofuata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003. Katika vijiji vilivyopata vikundi, waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata, walishuka kutoka asilimia 94 hadi asilimia 54.7 tu.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa tiba hiyo ya kikundi ili itumike popote. Mwongozo huo unataja asili nne za huzuni: kufiwa, ugomvi, mabadiliko makubwa ya maisha, na upweke. Msomaji anayeyajua machimbo atakubaliana nasi kwamba zote nne ziko pale. Kufiwa kupo kila kifusi kinapoporomoka. Ugomvi upo kila siku ya mgao wa mawe kati ya mwenye duara, mwenye karasha na wachimbaji. Mabadiliko yapo, kwani mtu hulala tajiri akaamka hana nauli. Na upweke upo kwa sababu wengi wametoka mbali, hawana mjomba wala shangazi wa kumwendea.

Wala kikundi si jambo geni kwetu. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vya kusikiliza redio kwa wiki 12, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo. Usukumani kuna bugobogobo, kuna Bagika na Bagalu, kuna sungusungu, kuna vyama vya kuzikana. Visiwani kuna vikundi vya kuweka na kukopa. Watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI wamekuwa wakikutana na kusaidiana kwa miaka mingi, na wengi wako hai leo kwa sababu mwenzao aliwafuata nyumbani walipoacha dawa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na jambo hili halihitaji kufundishwa na mgeni.

Wako watakaosema kwamba wanaume wa machimboni hawawezi kukaa chini wakaelezana machozi. Tunawajibu kwa mfano wa ndugu zetu wa Zanzibar. Tangu mwaka 2009 zimekuwapo Unguja nyumba za kuwasaidia vijana kuacha dawa za kulevya, zijulikanazo kama soba haus. Humo vijana wa Kiislamu, waliolelewa katika heshima na sitara, hukaa kwa duara na kila mmoja husema habari zake mbele ya wenzake waliopita njia hiyo hiyo. Mwanamume husema akiwa mbele ya mtu anayemwelewa, na akiwa na hakika kwamba maneno yake hayatatoka nje ya mlango.

Hapa ndipo penye shina la hoja yetu, na tunalisema tukiwa ndani ya uongozi wa Chama, siyo nje yake. Vikundi vyote tulivyozoea huanzishwa kwa mkutano, mgeni rasmi, risala na orodha ya majina inayopelekwa wilayani. Kikundi cha namna hii kikianzishwa hivyo, kitakufa siku ya kwanza. Mwenyekiti wa kijiji asiketi humo kwa cheo chake. Katibu wa tawi asiletewe muhtasari. Mwenye duara asikae pamoja na vijana anaowapa kazi. Majina yasiandikwe ubaoni, na kisichukuliwe kuwa mahali pa kuhesabia wanachama, kugawia mikopo au kunadi sera. Kazi ya uongozi ni kutoa chumba, kumpa mafunzo msimamizi, kulinda siri, kisha kukaa kando. Kiongozi mwenye huzuni yake naye aende, lakini aende kama mtu, katika kikundi cha mahali asipoongoza.

Wala tusiwadanganye watu kwamba kikundi hutibu kila kitu. Mwenye kifafa, mwenye kusikia sauti zisizokuwapo, na aliyekwisha panga kujiua wanahitaji hospitali bila kuchelewa, na wenzake wamsindikize. Machimboni kuna jambo jingine la kuangaliwa. Mvuke wa zebaki inayochomwa wakati wa kuchenjua dhahabu hudhuru ubongo. Mtu hutetemeka mikono, husahau, hukasirika upesi na hukosa usingizi, na dalili hizo hufanana sana na za huzuni. Mchimbaji wa namna hiyo akiishia kwenye mazungumzo bila kupimwa, na akaendelea kuchomea zebaki jikoni, atakuwa amepewa nusu ya haki yake. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020. Utekelezaji wake ni sehemu ya tiba hii.

Kuna pia kikwazo cha sheria. Kanuni ya Adhabu, ambayo asili yake ni enzi za mkoloni, katika kifungu cha 217 imelihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu aliyeokolewa kitanzini atasemaje mbele ya wenzake kumi, ikiwa kusema ni kukiri kosa? Na msimamizi atamsikiliza kwa amani gani? Mwezi Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo katika sheria za nchi hiyo ni kinyume cha katiba. Waheshimiwa wabunge wa Kanda ya Ziwa wangetufanyia wema mkubwa kulifikisha jambo hili Bungeni.

Kwa mwananchi anayesoma akiwa na mzigo moyoni, tunasema asingoje mpaka sheria ibadilike. Aanzie zahanati ya karibu, amwulize mganga au mhudumu wa afya wa jamii kama kuna kikundi. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri naye aulizwe. Hiyo ni kazi yake. Ikiwa hakuna kikundi, watu sita au wanane wenye msiba mmoja, kama vile wajane wa ajali moja au wachimbaji waliookoka pamoja, wanaweza kuiomba zahanati iwapatie chumba, saa maalumu na mtu wa kuwaongoza.

Kwa viongozi wa serikali, madai yetu ni machache na gharama yake si kubwa. Kwanza, kila halmashauri iandike mahali na siku za vikundi vilivyopo, bila majina ya wanakikundi, ibandike orodha hiyo zahanati, ofisi ya kata, gatini na kwenye mialo. Pili, wahudumu wa afya wa jamii, ambao mpango wao ulizinduliwa Januari 2024, wafundishwe kuongoza vikundi hivyo. Tatu, fedha za wajibu wa makampuni ya madini kwa jamii, ambazo Sheria ya Madini ilivyorekebishwa mwaka 2017 inataka mipango yake ikubaliwe na halmashauri, zitengewe fungu kwa kazi hii. Madarasa na zahanati zinazojengwa kwa fedha hizo ni jambo jema. Waliochimba dhahabu yenyewe nao wakumbukwe. Nne, kila ajali ya ziwani au ya machimboni ikitokea, kikundi cha waliookoka na wafiwa kianzishwe kabla ya matanga kwisha, na kisivunjwe wanahabari wakiondoka.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Maneno hayo ni ya kweli, lakini yanamlaumu mgonjwa peke yake. Anayeficha mara nyingi huficha kwa sababu hajaonyeshwa pa kusemea. Halmashauri za Geita, Shinyanga, Kahama na Ukerewe zina uwezo wa kumwonyesha mahali hapo kabla ya mwaka huu kwisha. Tunazitaka zifanye hivyo.