"Ni i5, ni kali": Soma nambari kabla hujatoa pesa

Jumamosi nilikuwa Kenyatta Market nikingoja nyama iive, rafiki yangu anayesuka nywele pale akaja na laptopu kwapani. Ameinunua mjini kwa shilingi 18,000, akiba ya miezi kadhaa, ili aanze kazi za mtandaoni. "Ni ex-UK, i5, na iko na Windows 11," akaniambia huku anatabasamu. Nikaiangalia: HP EliteBook 840 G3. Nikashindwa nianzie wapi kumwambia.

Wewe ambaye bado hujanunua, wacha nikuambie mapema.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuitunza Windows 10. Waliojisajili waliongezewa mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, hadi 13 Oktoba 2026. Windows 11 nayo ina masharti: kwa mashine za Intel, inataka prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kwa hivyo ofisi za ng'ambo zina sababu ya kuondoa mashine ambazo bado zinafanya kazi vizuri. Nyingine huishia kwetu, Luthuli na Moi Avenue. Nguo ya mtumba ikichakaa unaona. Laptopu ya mtumba inachakaa kwa tarehe, na tarehe haionekani kwenye kioo.

Ndiyo maana "ni i5" haikuambii kitu. i5 zimetengenezwa tangu 2009. Soma nambari inayofuata: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8350U ni cha nane. Ikianza na 10 au 11, hicho ni kizazi cha kumi au cha kumi na moja. Ile G3 ya rafiki yangu ni ya sita. Na usinunue kwa jina pekee: EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 nyingi ni za kizazi cha nane, lakini kuna zilizotoka na cha saba.

Sasa mbona yake ina Windows 11? Kuna njia ya kuruka masharti, na mafundi wanaijua. Mashine inawaka fiti, lakini Microsoft haiahidi kuipa masasisho. Na humo ndimo utaweka nenosiri la eCitizen, la KRA na la benki.

Ukiwa dukani, usione haya. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, usome prosesa. Rudia, andika tpm.msc, uone kama imeandikwa 2.0. Izime, uiwashe ukiingia BIOS. Ikidai nenosiri, irudishe, huenda bado ina kufuli ya ofisi ilikotoka. Chomoa chaja uone betri inashuka vipi kwa dakika ishirini.

Pesa ikiwa kidogo, chukua kizazi cha nane chenye RAM ya 8GB, uache cha sita chenye 16GB. RAM na SSD kwa mashine nyingi za ofisi unaongeza baadaye ukipata doo. Prosesa imechomelewa kwenye bodi; uliyonunua ndiyo utakayokaa nayo.

Muuzaji alikataa kurudisha pesa. Kwa hivyo Jumapili tuliiwekea Linux Mint, ambayo ni ya bure na bado inapata masasisho hata kwa mashine za umri huo. Kazi za kwenye brauza anafanya. Lakini kuna mteja aliyetaka programu inayokubali Windows pekee, na kazi hiyo ilimpita.

Yako bado iko M-Pesa. Iache hapo mpaka uone nambari.