Dawa Hii ni Dawa Gani?

Waswahili husema jina jema hung'ara gizani. Ni kweli, lakini nimeishi nikaona kuwa jina jema huweza pia kutumiwa kama pazia. Leo nataka kusema juu ya jina moja ambalo kila Mkenya analijua, nalo ni "dawa", na juu ya desturi iliyoingia majumbani mwetu ya kuchanganya vodka na maji ya matunda yaliyonunuliwa supamaketi kwa bei nafuu. Najua wako watakaouliza: mzee huyu aliyelelewa chuoni, asiyeonja kileo, atatuambia nini juu ya kokteli? Nawaomba wanisikilize kwanza, kwani kokteli nimeinywa. Niliinywa bila ya kujua.

Ilikuwa mwezi wa Julai, na Nairobi ya Julai, msomaji, unaijua. Baridi yake humwingia mtu wa Pwani mpaka kwenye mifupa. Nilikuwa nimealikwa nyumbani kwa rafiki yangu, mwandishi mwenzangu ambaye tulifanya kazi pamoja miaka mingi. Kifua kilikuwa kimenibana, na adhuhuri ile nilikuwa nimemeza vidonge viwili vya mafua, vile vimleteavyo mtu usingizi. Binti wa rafiki yangu, aliyemaliza chuo kikuu juzi tu, alikuwa na wageni wake, vijana wenziwe. Aliponisikia nikikohoa akasema, "Pole, mjomba. Nitakuletea dawa." Kisha, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na shughuli, akamwambia kijana mmoja, "Mpelekee mzee dawa."

Basi yule kijana akaniletea bilauri nzuri, yenye vipande vya ndimu, asali na barafu. Barafu ilinishangaza kidogo, lakini nilidhani ndiyo mitindo ya siku hizi. Nikapiga funda la kwanza, tamu. La pili likanichoma kooni, nikasema moyoni, hii tangawizi kweli. Nilikuwa nimefika nusu ya bilauri yule binti aliponiona, akashika kichwa. Dawa yangu, ya tangawizi, ndimu na asali, ilikuwa jikoni kwenye chupa ya chai, ingali moto. Niliyopewa ilitoka kwenye jagi la mezani, na ndani yake mlikuwa na vodka.

Yule binti alilia, na mimi nikawa wa kumbembeleza. Chuoni nilifunzwa kwamba asiyejua na asiyekusudia halaumiwi, kwa hivyo moyo wangu ulitulia upande huo. Lakini kileo na vile vidonge vya mafua ni ndugu wawili wa usingizi, na ndiyo maana wauza dawa hutuonya tusivikutanishe. Nililala pale kitini mfano wa gogo. Nilipoamka ilikuwa karibu saa tatu za usiku, na magharibi ilikuwa imekwisha nipita nikikoroma. Niliilipa usiku ule ule, lakini kuilipa si sawa na kuiswali kwa wakati wake, na hilo liliniuma kuliko kichwa.

Sasa tuulize: kosa lilikuwa la nani? Si la kijana, yeye alitumwa dawa akapeleka dawa. Si la binti peke yake, kwani nami nilikuwa na ulimi wa kuuliza sikuuliza. Kosa kubwa, kwa maoni yangu, lilikuwa la mambo mawili: jina moja kwa vinywaji viwili, na jagi lililokwisha changanywa.

Tuanze na jina. Nchini Kenya, ukiagiza dawa mkahawani, aghalabu utaletewa kikombe cha moto cha tangawizi, ndimu na asali. Ukiagiza dawa baa, utaletewa vodka, ndimu, sukari, asali na barafu, pamoja na kijiti cha kupondea ndimu. Kinywaji hicho cha pili ni jamaa wa caipirinha ya Brazil, ambayo wenyewe huitengeneza kwa pombe ya miwa, ndimu na sukari. Hapa kwetu hoteli ya Carnivore ya Nairobi, iliyofunguliwa 1980, ni katika zilizokitangaza sana kwa watalii, hata wageni wengine huondoka Kenya wakidhani neno "dawa" katika Kiswahili maana yake ni kinywaji hicho.

Sina ugomvi na hoteli, wala na mtalii. Baa ina jina lake mlangoni, na aingiaye anajua aingiako. Lakini nyumbani hakuna kibao. Nyumbani humo humo mna mtoto, mna mwenye kisukari, mna mja mzito, mna dereva atakayewarudisha wengine makwao, na mna mzee wa kifua kibovu. Neno lililotosha baa halitoshi sebuleni.

Ama kwa hakika kileo ni hodari wa kusafiri kwa majina ya watu. Neno "alkoholi" asili yake ni Kiarabu, al-kuhl, nalo ni lile lile la wanja ambao mama zetu wanajipaka machoni. Wazungu waliliazima kwa unga laini, mwisho likaja kuwa jina la kileo. "Vodka" nayo hutokana na neno la Kirusi la maji, basi ni kama kusema "kijimaji". Kwa hivyo kilichokuwa bilaurini mwangu jioni ile kilikuwa wanja ulioitwa kijimaji ulioitwa dawa. Pazia tatu, na mimi nyuma yake na kikohozi changu!

Jambo la pili ni matunda. Tunda ni neema, lakini pia ni mfichaji mkubwa. Vodka ya kawaida ina kileo asilimia 40. Tia mililita 60 katika bilauri, yaani vipimo viwili vidogo vya baa, kisha ujaze maji ya nanasi na barafu mpaka mililita 240. Hapo umepata kinywaji chenye kileo cha asilimia 10. Hiyo ni kama mara mbili ya bia. Lakini bia hujitangaza kwa uchungu wake, na mnywaji hujua anywacho. Sukari, ukali wa ndimu na ubaridi wa barafu huudanganya ulimi, ukasema ni sharubati. Mwili haudanganyiki. Ini la mtu mzima huhitaji kama saa moja, pengine zaidi, kumaliza kipimo kimoja kidogo. Naye mwenye kiu ya sharubati humaliza bilauri mbili kabla ya nusu saa.

Na huo utamu hauwafichi wanywaji kileo tu. Huweza kuwaficha sumu. Nchi hii imezika makumi ya watu Mei 2014, na wengine tena huko Kirinyaga Februari 2024, kwa vinywaji vyenye sumu, na mara kadhaa mwuaji amekuwa methanoli, ambayo kwa macho na kwa harufu inakaribiana sana na kileo cha kawaida. Anayetafuta chupa ya rahisi uchochoroni ili aichanganye na maji ya embe hujinyima hata ile nafasi ndogo ya kugundua kwa ulimi kuwa kuna kasoro. Unafuu utafutwe kwenye matunda. Kwenye chupa usitafutwe kabisa.

Labda mtu ataniambia, "Nyinyi watu wa Pwani mwajitia wacha Mungu, na minazi yenu inagemwa kila asubuhi." Sikatai. Majirani zetu Wamijikenda wana tembo lao la mnazi, na lina heshima katika harusi na matanga yao. Lakini tazama adabu yake: mgema hukwambia hili ni tamu, limegemwa leo, hili ni kali, limelala. Hachanganyi akanyamaza. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mgema wa siku hizi akisifiwa, vodka huitia matunda. Na maji, angalau, hayakumlaza mtu magharibi.

Basi nashauri nini? Sitamwambia asiyekuwa wa dini yangu asinywe. Hilo ni lake na Mola wake. Hukumu yangu mimi naijua na siibadili. Ninaloomba ni jambo moja dogo la mezani: jagi liwe la matunda matupu, na chupa ikae kando, imefunikwa, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Anayetaka kileo ajitilie mwenyewe katika bilauri yake, kwa kipimo anachokiona kwa macho yake. Kwa njia hiyo kila mtu hujua alichomimina, mtoto na mzee hunywa bila ya hofu, na hata mfuko wa mwenye nyumba hupona, maana kitu ghali mezani ni chupa, na chupa iliyomwagwa jagini hunywewa hata na wasioitaka.

Na hili jagi la matunda, ndugu zangu, ndiyo kazi yenyewe. Nimewaona vijana wakitumia akili yote kuchagua chupa, kisha wakafungua boksi la maji ya matunda ya kiwandani, lenye sukari nyingi na tunda haba. Nenda Kongowea au Marikiti, au soko lolote lililo karibu nawe, ununue tunda la msimu. Sukari usiitie kavu katika maji baridi, kwani itakaa chini kama mchanga. Ichemshe kwanza na maji kidogo iwe shira nyepesi, iache ipoe. Pasheni ikate, uikamue kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko, usiisage mbegu zake zikaleta uchungu. Ukwaju urowekwe katika maji ya moto, uvurugwe kwa mkono, uchujwe, kisha utiwe shira na chembe ya chumvi. Nanasi lilipwe haki yake yote: nyama yake isagwe, na maganda yaliyooshwa vizuri yachemshwe na tangawizi na iliki, maji yake yachanganywe humo. Embe ngowe lisagwe na ndimu moja, kwani embe bila ndimu ni kama taarabu bila udi. Hayo ni mambo ambayo bibi zetu waliyafanya katika miezi ya Ramadhani bila ya kitabu, na mgeni aliyeonja hakuuliza kilichokosekana.

Nami nasema, na wanywaji wanisamehe: kama jagi lako halisifiwi mpaka litiwe vodka, basi hujajifunza bado kutengeneza jagi.

Yule binti tumepatana zamani. Nilipokwenda kwao tena alinitolea chupa ya chai, na juu yake amebandika karatasi aliyoiandika kwa mkono wake: "Dawa ya mjomba. Tangawizi." Mezani palikuwa na jagi la pasheni, na chupa ya vodka imesimama peke yake juu ya kabati, kila mtu anaiona. Wageni walicheka, wakanywa walichotaka, na mimi nikanywa changu. Magharibi ilinikuta macho.

Na kwa kuwa mshairi hawezi kuondoka mikono mitupu, namwachia kila mwenye nyumba ubeti huu:

Mwenye nyumba nakuomba, usinifiche jagini,
Tunda lako ukipamba, nitajie kilo ndani,
Maji yafichapo mwamba, chombo huvunjika pwani,
Lipi jina la kinywaji? Nambie kwanza mwandani.