Mlima Unaopoteza Majina Yake

Mkazi wa Kaloleni, mjini Voi, akiinua macho upande wa kusini huuona mlima wa Sagala. Hata hivyo, mgeni akimwuliza kuhusu urithi wa asili wa kwao, aghalabu atamwelekeza Tsavo, kwenye ndovu. Si ajabu. Tangu mbuga hiyo ilipotengwa mwaka 1948, zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta imo ndani ya mipaka yake. Lakini urithi haupimwi kwa ukubwa wa mwili.

Katika udongo wa Sagala anaishi mnyama mdogo wa ukoo mmoja na vyura, asiye na miguu, ambaye asiyemjua humdhania kuwa ni mnyoo. Hapatikani katika mlima mwingine wowote duniani. Wataalamu, miongoni mwao Mkenya Patrick Malonza, walimpa jina la kisayansi mwaka 2005: Boulengerula niedeni. Mnyama huyu hutegemea udongo laini wenye unyevu, ilhali mikaratusi iliyopandwa mlimani huukausha.

Hapa mwanaisimu naye ana neno la kusema. Watu wengi hutaja Kitaita kana kwamba ni lugha moja, kumbe Kidawida na Kisagala ni lugha mbili. Mwaka 1981 Christopher Ehret na Derek Nurse walionyesha kwamba lugha hizi zimehifadhi maneno ya Kikushi, yaliyoachwa na watu ambao lugha zao hazisemwi tena katika vilima hivyo. Lugha zile zilikufa, baadhi ya maneno yake yakabaki. Leo twaelekea kushuhudia kinyume chake: wasemaji wapo, maneno yanakwisha.

Mtoto wa Voi huzungumza Kiswahili, nami sina ugomvi na jambo hilo. Ninachosikitikia ni kwamba mkaratusi, mti wa kigeni, anaujua kwa jina, bali miti ya mababu zake yote kwake ni "miti" tu. Kisichokuwa na jina hakina wa kukitetea siku shoka linapofika.

Katiba ya mwaka 2010 inaitaka dola, katika Ibara ya 7, kukuza lugha za wenyeji, na katika Ibara ya 69, kulinda maarifa ya wenyeji kuhusu viumbe. Tumezoea kuzisoma ibara hizi mbalimbali, kumbe zinadai kazi moja.

Yafaa basi walimu wa Voi wawapandishe wanafunzi Sagala pamoja na wazee, wayaandike majina ya miti, ndege na chemchemi. Nayo serikali ya kaunti, kila inapopanda mti wa asili, iuandike kwa jina lake la Kisagala. Gharama yake ni daftari, kalamu na siku moja ya mguu. Wazee hawatatungoja milele, na wahenga walikwisha kutuonya: mwacha asili ni mtumwa.