Bibi anataka kwenda Januari

UPEPO WA ZIWA
Na Ramadhani Lukongo

Mkoani kwetu Kigoma baridi hupimwa kwa chupa ya mawese. Ukiamka mwezi wa Julai ukakuta mafuta yameganda nusu chupa, unajua usiku ulikuwa wa shuka mbili. Yakiganda chupa nzima, basi umelala Manyovu au Heru Juu, na mwenyeji wako amekwisha kukuazima sweta. Chupa inawekwa juani mlangoni, ikifika saa nne mafuta yanamiminika. Kipimo hiki hakijatudanganya hata siku moja, ila kina mwisho wake, na jirani yangu wa Ujiji anajiandaa kuuvuka.

Jirani huyu ni mkunga mstaafu. Nusu ya vijana wa mtaa wetu wamepita mikononi mwake. Binti yake yuko Winnipeg, Canada, anafanya kazi za zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Jirani yangu ana wajukuu wawili huko, na mdogo hajamwona ila kwenye kioo cha simu. Binti amemwalika kwa wiki sita, akamwambia mama achague mwezi. Mama amechagua Januari.

Barazani tulicheka, na mimi nilicheka kuliko wote. Januari ya hapa, kila mzazi anajua, ni mwezi wa ada, sare na madaftari. Nani anayepanga matembezi? Na Januari ya Winnipeg wastani wake ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri, usiku ukikaza inafika 30. Friza ya kuhifadhia samaki huwekwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Nikamwambia, "Bibi, unakwenda kuishi kwenye friza, na wakati mwingine utatamani urudi ndani yake upate joto." Hakucheka. Akaniuliza, "Julai nikaone nini, mwanangu? Julai si ninayo hapa?"

Nimelala na swali hilo siku kadhaa, na sasa nipo upande wake.

Mkoa huu una watu wengi kaskazini ya dunia kuliko unavyodhaniwa. Kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu, ipo tangu 1996, na maelfu ya Wakongo waliokaa pale wamehamishiwa Marekani, Canada na kwingineko. Wengine walisoma na watoto wetu, wakaoana na watu wetu, wakaondoka na Kiswahili chetu. Ongeza vijana wa mjini waliotoka kwa njia zao. Hawa wote tunawajua kwa picha za Julai: nyama choma bustanini, fulana nyeupe, mtoto juu ya baiskeli. Zikija picha za theluji, ni zile za dakika mbili mbele ya mlango, meno nje, halafu mtu anakimbilia ndani. Hakuna anayetutumia picha ya kituo cha basi saa kumi na moja alfajiri, kiza totoro, ametoka zamu na kope zimeshika barafu. Halafu sisi tunampigia saa hiyo hiyo kumkumbusha bati za nyumba ya shangazi.

Na wao wenyewe wanachangia kutuficha. Ukisema unakuja, wanakwambia njoo kiangazi, ndipo kuzuri. Ni ukarimu, sikatai. Hata sisi mgeni akija tunatandika shuka jipya. Ila mama mzazi si mgeni wa shuka jipya.

Sasa mipango yenyewe. Pasi ya kusafiria ni shilingi 150,000 pale Uhamiaji. Viza ya kutembelea Canada ni dola 100 za kwao, na alama za vidole dola 85 nyingine. Mzazi ana njia ya pili, viza maalumu ya wazazi na mababu, inayomruhusu kukaa hadi miaka 5 kwa safari moja, lakini inadai bima ya afya ya dola 100,000 na ushahidi wa kipato cha mtoto. Kwa wiki sita viza ya kawaida inatosha. Utaambatisha barua ya mwaliko, taarifa ya benki, karatasi za pensheni, hati ya nyumba. Karatasi zote hizo zinajibu swali moja ambalo halikuandikwa kwenye fomu: huyu atarudi? Kijana mmoja wa Gungu alinyimwa viza ya nchi moja ya Ulaya baada ya akaunti yake yenye elfu arobaini kujaa milioni kumi wiki moja kabla ya kuomba. Fedha ya kuazima inanuka hata kwenye karatasi. Pensheni ya mkunga, ndogo lakini inayoingia kila mwezi, ina harufu nzuri zaidi.

(Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1869 hakuna aliyemdai barua ya mwaliko, na Stanley aliyemfuata 1871 hakuulizwa kama atarudi kwao. Naacha hapo.)

Kwa nauli, Bibi amegusa penyewe bila kujua. Desemba ndege zimejaa watu wa Krismasi na bei ziko juu. Ukivuka katikati ya Januari zinashuka. Na binti hana mialiko wala harusi za kumkimbiza huku na huko kama kiangazi. Watoto wako ndani. Nyumba za kule zina joto hata mtu anakaa na fulana, na bibi wa Ujiji akikaa jikoni na wajukuu wakati mama yao amelala baada ya zamu, hiyo ni likizo ya watu wanne kwa tiketi moja.

Ninachokihofia mimi ni utelezi kuliko baridi. Baridi ina dawa, nayo ni nguo juu ya nguo, ya ndani isiwe pamba maana pamba ikilowa jasho inakugeuka. Masikio, vidole na pua vifunikwe, kwa kuwa upepo ukikaza ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa au chini yake. Koti lishikwe mkononi tangu Dar es Salaam, lisifungiwe kwenye sanduku, maana sanduku linaweza kuchelewa na mlango wa uwanja wa ndege haungoji. Lakini mtu wa miaka sitini na kitu akianguka juu ya barafu, nyonga ikavunjika, hapo ndipo utajua kwamba mgeni hatibiwi na serikali na kila kitu ni bili. Bima ni lazima, na kwenye fomu yake presha, kama ipo, itajwe; ugonjwa ulioujua ukauficha, kampuni haitalipa. Nilipomweleza kuhusu kutembea, hatua fupi, magoti yamelegea, kama bata, alinitazama tu. Amezalisha watu vijijini Kasulu miaka ishirini, akipanda vilima vya udongo mwekundu mwezi wa Aprili na kandambili miguuni.

Swala nayo ina hesabu yake. Winnipeg mwishoni mwa Desemba jua huchomoza kwenye saa mbili na robo na ushei, na magharibi huingia saa kumi na nusu. Mtu wa hapa, ambaye jua lake halijui mzaha mwaka mzima, lazima awe na ratiba ukutani, la sivyo adhuhuri na alasiri zitamchanganya. Ramadhani mwanzoni mwa 2030 itaangukia Januari, na watu wa Winnipeg watafunga saa chache kuliko sisi. Bibi aliposikia hivyo alitaka kuahirisha safari.

Hata hivyo, kilichomfanya aseme Januari ni ziwa. Marehemu mumewe alikuwa na kipe cha kuvulia pale Kibirizi, mvuvi wa dagaa wa taa, anayeingia mwezi ukiwa mchanga na kupumzika ukiwa mpevu. Mjukuu mkubwa alimtumia video ya gari la mizigo likitembea juu ya Ziwa Winnipeg. Bibi alinibishia hodi usiku huo. Gari! Juu ya ziwa! Tukaitazama mara sita.

Kiswahili chetu cha huku hakina msaada mkubwa kwa jambo kama lile. Barafu kwetu ni ile ya watoto, juisi iliyogandishwa kwenye mfuko wa nailoni. Theluji ni ya vitabuni. Mwaka 1848, tarehe 11 Mei, mmisionari Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro, mwenyeji aliyemwongoza alikosa jina la kuupa, akasema ni baridi tu. Wataalamu wa London waliikataa habari hiyo. Yule mwongoza njia alikuwa karibu na ukweli kuliko wao.

Ziwa Winnipeg ni kubwa, lakini kina chake kwa wastani ni mita 12. La kwetu lina kina cha hadi mita 1,470, na maji yake ya juu hayashuki sana chini ya nyuzi 24. Halitaganda milele. Lile huganda tangu Novemba, na wavuvi hawalali: wanatoboa shimo, wanapitisha ubao unaotambaa chini kwa chini ukivuta kamba hadi shimo la pili, kisha wanavuta nyavu zikajipanga chini ya barafu. Sisi ziwa letu lilipofungwa kwa amri, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane, tulikaa Kibirizi tukitazamana. Bibi anataka aende asimame kando ya shimo lile aone kinachotoka. Amesema samaki akitoka atamwuliza mvuvi bei, kwa Kiswahili.

Mzigo wake umekwisha kupangwa: dagaa wakavu na migebuka, vyote vya kutangazwa forodhani bila kuficha kitu, na lita mbili za mawese. Binti amesema mawese yakiachwa kwenye gari yanakuwa jiwe.

Kilichobaki ni koti. Jumamosi nilimsindikiza soko la Mwanga, kwenye meza za mitumba, ambako makoti mazito hukaa chini ya belo mwaka mzima kwa sababu hakuna wa kuyavaa. Alilipata moja jeusi, linamfika magotini, lina kofia ya manyoya, na inawezekana lilitoka huko huko anakokwenda. Akalivaa pale juani saa saba mchana, jasho likimtiririka, akazunguka mara mbili. Muuzaji akataja elfu ishirini.

"Elfu sita," akasema Bibi.

"Mama, hili ni koti la ng'ambo!"

"Najua. Sasa niambie, Kigoma nzima utamwuzia nani mwingine?"