Kasoro ya mgongo ya kuzaliwa: kwa nini inajulikana mtu akiwa mzima?

Bukavu – Mama wa miaka 40 mwenye kubeba mizigo mgongoni akilalamika kiuno, majirani wanamwambia: ni kazi. Miguu ikianza kufa ganzi, wengine wanasema ni karuho. Mara nyingi ni kazi kweli. Lakini kuko watu ambao shida yao ilianza mbele hawajazaliwa.

Uti wa mgongo wa mtoto unajifunga katika siku 28 za kwanza, wakati mama wengi hawajajua kama wako na mimba. Ukibaki wazi, mtoto anazaliwa na kidonda, na kila mtu anakiona. Ile kasoro yenye kujificha chini ya ngozi ndiyo inachelewa. Wengi walio nayo hawaumwi hata siku moja. Kwa wachache, uti umeshikwa chini, na unavutwa kila wanapoinama. Ndipo inakuja maumivu, miguu kulegea, mkojo kukataa ao kutoka wenyewe.

Alama ziko tangu kuzaliwa: nywele ku kiuno, kishimo, doa, ao uvimbe laini katikati ya mgongo. Lakini mtoto anafunikwa haraka, hakuna anayeuliza. Akiwa mzima, picha ya kawaida inaonyesha mifupa tu, si uti wenyewe. Kipimo cha IRM ndicho kinauonyesha, na huku mashariki ni adimu tena cha bei kali. Waganga nao wanafikiria kwanza kifua kikuu cha mifupa, na wako na haki, juu kipo. Tena mambo ya mkojo, mgonjwa anayaficha kwa haya.

Kuchelewa huko kunalipwa. Upasuaji unaweza kufungua uti na kusimamisha ugonjwa. Maumivu mara nyingi yanapungua. Lakini nguvu ya kuzuia mkojo ikishapotea, hairudi kila mara.

Mwezi wa 5 mwaka 2023, mkutano mkuu wa OMS uliomba nchi ziongeze asidi foliki katika vyakula. Maana yake iko wazi: kidonge kinachotolewa kwenye CPN, mimba ikiwa na miezi mitatu ao mine, kinakuta siku 28 zimepita zamani. Kinga hii inatakiwa mbele ya mimba.

Kwa sasa, kitu kimoja hakiombi hata franga: mzalishaji amgeuze mtoto, atazame mgongo wote, aandike alichoona. Na mtu mzima mwenye ganzi pamoja na shida ya mkojo asingoje. Aende hospitali siku ile ile, na aseme yote mawili.