Kiwanja Kitanguliwe na Maji

Wazee wetu waliotoka Unguja wakavukia Bagamoyo, wakapita Ugogo hadi Unyanyembe, hawakupiga kambi pasipo kuuliza kisima. Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, ilikwisha kuwa kituo chao kabla Burton na Speke hawajafika huko mwaka 1857.

Reli ilipofika mwaka 1912, mji ulianza kuifuata stesheni. Kisha wapimaji wakafuata ramani, na maji yakaachiwa yazifuate nyumba.

Leo Tabora inakunywa maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, mkoani Mwanza, umbali unaozidi kilomita 200. Mradi huo, uliojengwa kwa mkopo wa India na kuzinduliwa mwaka 2021, ni neema, wala hatuna lugha nyingine ya kuuelezea. Lakini bomba refu lisiwe kisingizio cha kulisahau Bwawa la Igombe na lile la Kazima. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Mita hizo zichorwe katika ramani ya mji kabla viwanja havijagawiwa. Zikichorwa baada ya zege kumwagwa, atakayelia ni mwananchi mwenye risiti mkononi.

Nasi wa Visiwani tusijione tumesalimika. Msitu wa Masingini ndio unaohifadhi chemchemi za mji wetu, na mji unausogelea. Tunawaomba wakuu wa ardhi, bara na Visiwani, kiwanja kisipewe namba mpaka ofisa wa maji ametia saini yake.