Kabla mtoto hajaonja kashata za bazaa

Kila mwaka, Krismasi inapokaribia, chama cha akina mama wa Umoja wa Mataifa jijini Vienna, Austria, huandaa bazaa la hisani. Meza za nchi mbalimbali huuza vyakula na kazi za mikono, na mapato husaidia miradi ya watoto. Kwa familia zinazoishi ugenini, ni siku ya kula cha nyumbani na kuonja cha jirani.

Kwa mzazi wa mtoto mwenye mzio (aleji), kuonja huko ndiko kwenye kazi. Karanga husagwa zikapotea ndani ya mchuzi. Kashata za nazi zikipangwa sinia moja na za karanga, kwake zote ni za karanga.

Sheria za Umoja wa Ulaya huwataka wauza chakula wataje vyanzo 14 vya mzio, vikiwamo karanga, ufuta, maziwa na mayai. Lakini meza ya kujitolea si mgahawa, na anayeuza mara nyingi siye aliyepika. Mtafute aliyepika. Akisitasita, mtoto asionje, hata kama shangazi wa mezani atanuna.

Mtoto akivimba ulimi, akipumua kwa shida au akilegea ghafla baada ya kula, mchome sindano ya adrenalini aliyoandikiwa na daktari, kisha piga 144, namba ya gari la wagonjwa Austria. Asisimamishwe wala kutembezwa.

Walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga nzima, wawe na mzio au wasiwe nao. Huwapalia.